Haut-Katanga: Kwa nini chikanda haipandwi shambani kama muhogo

Katika masoko ya muji wa Lubumbashi, chikanda inauzwa kwa vipande, na wengi wanaila bila kuuliza inatoka wapi. Inapikwa kwa unga wa viazi vidogo vilivyokauka, pamoja na karanga za kutwanga, chumvi na pilipili. Viazi hivyo ni vya okidi, maua ya porini yanayoota katika dembo na misitu ya miombo.

Kwa kuwa wanunuzi wapo, kwa nini wakulima hawailimi? Shida inaanzia kwenye mbegu. Tunda moja la okidi linatoa maelfu ya mbegu, nyepesi kama vumbi. Punje ya mahindi ina unga ndani yake, unaolisha mche mpaka utoe majani. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Ikianguka mahali pasipo na kuvu inayoifaa, inakufa.

Kuvu ni kiumbe cha jamii moja na uyoga, chenye nyuzi nyembamba zinazotembea ndani ya udongo. Nyuzi hizo zinaingia katika mbegu, zinajikunja ndani ya seli zake kama uzi uliosokotwa, zikileta sukari na madini. Kisha okidi inazimeng'enya. Kwa maneno mengine, mgeni analeta chakula, halafu naye analiwa! Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyegundua jambo hilo mwaka 1899. Hata ikiisha kuwa na majani, okidi inaendelea kupata naitrojeni na fosforasi kupitia kuvu ya mizizini, na kuna aina zinazoirudishia sukari kidogo.

Sasa mchimbaji anapofika na jembe, kwa kawaida anachukua kiazi kipya kilicho kigumu, kile ambacho kingeotesha mmea wa mwaka ujao. Cha zamani, kilichosinyaa, hakina faida kwake. Mmea unakufa hapo hapo, na kama haujaangusha mbegu, hauachi kitu. Katika inchi jirani ya Zambia, ambako chikanda inapendwa sana, wafanyabiashara walifikia hatua ya kutafuta viazi hivyo hadi kusini mwa Tanzania.

Katika maabara, wataalamu wanaweza kuotesha mbegu za okidi kwa kuzipa sukari au kuvu yenyewe ndani ya vyombo visivyo na vijidudu. Mkulima wa kijijini hana vyombo hivyo.