Filamu ya padre, matusi kibao: sawa au noma?

Wadau, chukueni Father Stu ya 2022. Ni maisha ya kweli ya Stuart Long, bondia wa Montana, Marekani, aliyekuja kupewa upadre 2007 na kufariki 2014 kwa ugonjwa wa misuli. Mark Wahlberg ndo kaigiza, na humo ndani matusi ni ya nguoni kabisa.

Kwa lugha hiyo ikapewa daraja la R: chini ya miaka 17 huingii sinema bila mzazi au mlezi. Yaani vijana wa parokia, ambao ndo wangeguswa zaidi, wakawekewa kizingiti! Kule tusi moja zito linaweza kupita kwenye PG-13, yakizidi kwa kawaida ni R. Desemba hiyo hiyo likatoka toleo lililopunguzwa makali, Father Stu: Reborn, likapata PG-13.

Mi nasimama na la kwanza. Jamaa anaanza kama mtu wa ngumi na pombe. Ukimsafisha mdomo tangu mwanzo, huyo padre kabadilika nini sasa? Ila tusi la kuchekesha watu tu, bora likatwe.

Kama unaangalia na bi mkubwa sebuleni, tafuta hiyo Reborn.