Sindano ya Shingoni kwa Wenye Kiwewe: Je, Inaponya?

Wagonjwa wengi wanaofika hospitalini wanaamini kwamba asiyechomwa sindano hajatibiwa. Vidonge wanavipokea shingo upande, na ukiwaambia kuwa dawa yao ni mazungumzo, wanaona umewafukuza. Si ajabu basi kwamba habari za sindano ya shingoni, inayosemekana kuondoa kiwewe kwa siku moja, huwavutia watu. Ndugu msomaji, sindano hiyo ipo kweli. Tuitazame inavyofanya kazi, na mahali uwezo wake unapokoma.

Kiwewe ni ugonjwa gani?

Mtu aliyenusurika katika ajali ya basi, aliyevamiwa na majambazi, aliyebakwa au aliyekimbia vita anaweza kupona majeraha ya mwili na bado asiwe mzima. Anaota ndoto za kutisha. Tukio linamrudia mchana kana kwamba linatokea tena. Anaepuka njia, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Mlango ukibamizwa anaruka. Hasira ziko karibu, usingizi uko mbali. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumharibia kazi au maisha ya nyumbani, huenda ana ugonjwa ambao wataalamu huuita mfadhaiko baada ya kiwewe. Huo si woga, wala si uvivu, wala hakurogwa.

Katika mwili wetu kuna mishipa ya fahamu ambayo hutuandaa kukabili hatari: moyo huenda mbio, jasho hututoka, misuli hukaza. Hatari ikipita, mishipa hiyo hutulia. Kwa mwenye kiwewe haitulii. Ni kama mlinzi wa usiku anayeendelea kupiga filimbi hata baada ya mwizi kukimbia na jua kuchomoza.

Sindano inachomwa wapi?

Chini ya shingo, upande wa mbele, kuna fundo la mishipa hiyo ya fahamu. Limepewa jina la nyota kwa sababu ya umbo lake. Daktari huchoma dawa ya ganzi karibu na fundo hilo, mara nyingi upande wa kulia, huku akiangalia njia ya sindano kwa mashine ya picha. Shughuli yenyewe huchukua dakika chache. Dawa ikifika mahali pake, kope la upande huo hulegea, mboni ya jicho husinyaa na mkono hupata joto. Dalili hizo huondoka baada ya saa kadhaa.

Sindano hii ni ya zamani. Kwa miaka mingi imetumika kutuliza maumivu sugu ya mkono na uso. Mwaka 2008, Dk. Eugene Lipov wa Chicago, Marekani, na wenzake walitoa taarifa ya mgonjwa wa kiwewe aliyepata nafuu baada ya kuchomwa. Hapo ndipo madaktari wa jeshi la nchi hiyo, wenye askari wengi waliorudi vitani na ugonjwa huu, walipoanza kuichunguza.

Utafiti unasemaje?

Majibu yamegongana. Katika utafiti wa madaktari wa jeshi la majini uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 42 waligawanywa: wengine walichomwa dawa, wengine sindano isiyo na dawa. Waliochomwa dawa hawakupata nafuu kuliko wenzao. Utafiti mkubwa zaidi, wa askari 113 katika hospitali tatu za jeshi, ulichapishwa mwaka 2019. Waliopata sindano mbili za dawa, wiki mbili kati yake, walipungukiwa na ukali wa ugonjwa kwa alama 12.6 baada ya wiki nane, katika kipimo cha alama 80. Wasiopata dawa walipungukiwa na alama 6.1.

Basi kuna nafuu kwa baadhi ya watu, lakini si muujiza. Ndiyo maana mwongozo wa matibabu wa serikali ya Marekani kwa askari na askari wastaafu, uliotolewa mwaka 2023, ulisema ushahidi hautoshi kuipendekeza sindano hii wala kuikataza.

Tena ina hatari zake. Mahali pale hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo, na ncha ya pafu iko karibu. Sauti inaweza kukwama na kumeza kukawa shida kwa muda. Dawa ikiingia katika mshipa wa damu, mgonjwa anaweza kupata degedege. Hii ni kazi ya daktari bingwa, penye mashine na vifaa vya kuokoa maisha. Atakayekuahidi kuichoma dukani au nyumbani, mkimbie.

Tiba iliyo karibu nasi

Sindano haifuti kumbukumbu. Inaweza kumtuliza mlinzi wetu yule, lakini mgonjwa bado anahitaji kulikabili lililompata. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni mazungumzo ya mpango maalumu na mtu aliyefunzwa. Wala haihitaji mashine. Mashariki mwa Kongo, wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliotibiwa kwa mazungumzo ya vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa huko huko waliofunzwa, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa mmoja mmoja. Miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa ingali ipo. Zipo pia dawa za vidonge, kama sertralini, ambazo daktari anaweza kuandika.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani:

1. Mpeleke hospitali, ueleze tukio na dalili zote, hata kama ajali ilitokea miaka iliyopita.
2. Usimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza.
3. Usimnunulie Valium ili alale. Haiponyi kiwewe, na humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Pombe vivyo hivyo.
4. Akisema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na akiambiwa arudi wiki ijayo kuzungumza, msindikize. Hajafukuzwa, ameanza kutibiwa.