Namna Farasi Wanavyopangana kwa Hadhi Makundi Mawili Yanapounganishwa

Dhana ya hadhi iliingia katika taaluma ya tabia za wanyama mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alipoeleza mpangilio wa kudonoana miongoni mwa kuku. Dhana hiyo ilipohamishiwa kwa farasi, ilihamishwa pamoja na picha ya ngazi moja yenye mtawala juu na mnyonge chini. Picha hiyo haitoshi kueleza kinachotokea makundi mawili yaliyolelewa mbalimbali yanapowekwa katika malisho ya pamoja.

Hadhi ya farasi ni uhusiano baina ya wawili. Kundi la farasi watano likiunganishwa na la farasi sita, zipo jozi 25 ambazo tayari zinafahamiana, na papo hapo huzaliwa jozi mpya 30 ambazo kila moja haina budi kuamua nani atampisha nani. Ndiyo maana saa za mwanzo huwa na vurugu, hata pale ambapo kila kundi lilikuwa tulivu kwao.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maamuzi hayo hufikiwa bila kuumizana. Farasi hulaza masikio nyuma, hunyoosha shingo na kuelekeza kichwa kwa mwenzake. Asipopishwa, huonesha dalili ya kuuma au hugeuza matako kana kwamba atapiga teke. Mtafiti hapaswi kuhesabu vitisho peke yake. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuondoka kwa anayetishwa, kwa kuwa kitisho kisichojibiwa kwa kupisha hakijathibitisha lolote. Katika jozi iliyokwisha kuafikiana, sikio likilazwa kidogo tu hutosha.

Ukubwa wa mwili haueleza matokeo vizuri kama inavyodhaniwa. Miongoni mwa majike, umri na muda ambao mnyama amekaa katika kundi mara nyingi huwa na uzito zaidi, na jike mwenye mtoto mchanga huweza kumfukuza yule aliyempisha mwezi uliopita. Madume hushindana kwa namna nyingine: hunusana, hupiga kelele kali, hukanyaga ardhi kwa miguu ya mbele na kunya juu ya rundo la mavi kwa zamu, kabla ya kupigana ikiwa hapana aliyerudi nyuma.

Mazingira yaliyotengenezwa na binadamu ndiyo hugeuza kitisho kuwa jeraha. Katika zizi lenye kona, anayetaka kupisha hana pa kwenda. Kwenye hori moja la chakula, kupisha ni kulala njaa. Kwato za nyuma zilizopigiliwa viatu vya chuma huongeza hatari ya kuvunjika mfupa. Kwa sababu hiyo, kuwaweka farasi jirani kwa siku kadhaa, wakionana na kunusana kupitia uzio imara, na kisha kuwafungulia katika eneo pana lenye chakula kilichotawanywa, ni tahadhari yenye mantiki.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi kwa takhi, farasi mwitu wa Mongolia waliotoweka porini katika miaka ya 1960 na kuanza kurejeshwa nchini humo mwaka 1992. Wote walitokana na wazazi waliofugwa, na wengi walikulia katika makundi yaliyopangwa na binadamu. Katika nyanda za Causse Méjean, Ufaransa, mradi ulioanza mwaka 1993 uliwaacha takhi kutoka bustani za wanyama waunde familia wenyewe kabla ya baadhi yao kupelekwa Khomyn Tal, Mongolia, mwaka 2004 na 2005. Utafiti wa Marie Bourjade na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kuwa takhi kadhaa hushiriki kuanzisha safari ya kundi. Kwa hiyo dhana ya jike mmoja anayeongoza wote, ambayo bado inarudiwarudiwa na wafugaji, inachanganya mambo mawili: kupishwa kwenye maji na kufuatwa njiani.