Ari, Motisha na Hulka: Maneno Matatu ya Uongozi wa Kazi

Miongoni mwa fani ambazo istilahi zake hututaabisha ni ile ya uongozi wa kazi. Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Taabu yenyewe ni wingi wa maneno yanayokaribiana maana, ambayo watumiaji huyachukua kana kwamba ni mamoja. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya baadhi ya maneno hayo, hasa yale yanayotumika katika somo la kuwatia watu bidii kazini kwa kuzingatia jinsi kila mmoja alivyo, na kisha kupendekeza namna ya kuyagawia dhana zake.

Kosa katika jambo hili laweza kumdhuru mtu. Tuliwahi kuletewa na ofisi moja fomu za kupima utendaji wa wafanyakazi, zilizotafsiriwa kwa haraka, ili tuzisahihishe. Katika fomu mojawapo iliyokwisha kujazwa, mbele ya neno "Haiba", msimamizi alikuwa ameandika habari za karani wake kwa neno moja tu: "Hana." Mfasiri alikusudia kuuliza karani huyo ni mtu wa namna gani katika kuhusiana na wenzake na kazi yake. Msimamizi alidhani anaulizwa kama karani ana mvuto. Basi mtu mkimya akaandikiwa ila katika jalada lake kwa sababu ya neno lililoteuliwa vibaya.

1. Haiba, tabia au hulka?

Neno haiba lina asili ya Kiarabu, ambako hutaja utukufu unaotia watu kicho. Katika Kiswahili maana yake imeelekea kwenye mvuto wa sura na mwenendo. Vitabu kadhaa vya elimu ya nafsi vimelitumia kwa maana ya jumla ya sifa zinazomtofautisha mtu na wenzake. Kasoro ya matumizi hayo ni kwamba haiba ni kitu ambacho mtu huwa nacho au hukikosa, ilhali dhana tunayoitafutia jina haikosekani kwa binadamu yeyote.

Tabia, kwa upande wake, hutaja zaidi matendo yanayorudiwarudiwa, kama vile tabia ya kuchelewa. Wahenga walisema kuwa mazoea hujenga tabia. Na kinachojengwa chaweza kubomolewa. Hulka hukaa ndani zaidi, nayo haimsifu mtu wala haimshutumu. Ni kweli kwamba neno hili hudokeza mambo ya kuzaliwa nayo tu, na malezi pia yana sehemu yake; hata hivyo, kati ya maneno tuliyo nayo, ndilo lenye madhara machache.

2. Aina au mwelekeo?

Mwaka 1921 mtaalamu wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kilichoeleza kuwa nguvu za nafsi ya mtu huweza kuelekea nje, kwa watu na mambo yanayomzunguka, au kuelekea ndani, kwa fikra zake mwenyewe. Wafasiri wengi hutafsiri dhana hizi kwa maneno mchangamfu na mkimya. Hilo halitoshi, kwani mtu wa mwelekeo wa ndani aweza kuwa msemaji hodari jukwaani, ila baada ya hapo huhitaji faragha ili apate nguvu tena.

Baadaye Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wa Marekani, walitunga kipimo kinachogawa watu katika aina 16. Kipimo hicho kimeenea sana makazini, lakini watafiti wamekikosoa: mtu yule yule akipimwa tena baada ya wiki chache aweza kuangukia aina nyingine, kwa sababu watu wengi wako katikati. Wataalamu wengi wa leo hupendelea kupima sifa kuu tano, kila moja kwa viwango. Kwa hiyo neno aina litumike kwa hadhari, kwani humfungia mtu katika chumba kimoja. Mwelekeo huacha mlango wazi.

3. Motisha, hamasa na ari

Kiingereza kina neno moja, lenye asili ya kitenzi cha Kilatini cha kusogeza, ambalo hutaja kwa pamoja mambo ambayo Kiswahili chaweza kuyatenga. Motisha, kwa matumizi ya kawaida ya maofisini, ni kitu kinachotolewa: fedha, zawadi au cheti. Hamasa huzaa maneno mengi kwa urahisi, kama vile hamasisha, hamasika, uhamasishaji na mhamasishaji. Lakini limekwisha kuzoeleka katika shughuli za umma, kama kuhamasisha wananchi wapande miti. Ari ni moto ulio ndani ya mtu, unaomfanya asikubali kushindwa.

Mgawanyo huu unaafikiana na utafiti uliochapishwa mwaka 1959 na Frederick Herzberg na wenzake, waliowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliona kuwa mshahara na mazingira ya kazi, yakiwa mabaya, huleta manung'uniko. Lakini kinachomridhisha mtu hasa ni kufaulu, kutambuliwa, kupewa dhamana na kazi yenyewe. Matokeo hayo yamebishiwa, lakini tofauti ya kile kinachotolewa na kile kinachowaka ndani imebaki kuwa na manufaa.

Sasa tutazame sentensi hii: "Wapeni wafanyakazi motisha kwa kadiri ya haiba zao." Msomaji aweza kuelewa kuwa wenye sura za kupendeza waongezewe fedha! Tukisema, "Amsheni ari ya kila mfanyakazi kwa kadiri ya hulka yake," maana inajidhihirisha. Mmoja husifiwa mbele ya wenzake akapata ari. Mwingine huona sifa za hadharani kuwa adhabu, naye hufurahi zaidi akishukuriwa faraghani na kukabidhiwa kazi ngumu.

4. Mapendekezo

Hulka: jumla ya sifa za kudumu zinazomtofautisha mtu na wengine.
Mwelekeo wa ndani, mwelekeo wa nje: upande ambako nafsi ya mtu hupatia nguvu zake.
Ari: msukumo wa ndani wa kutenda.
Motisha: kitu kinachotolewa ili kuchochea utendaji.
Hamasa: mwamko wa watu wengi kwa jambo moja.

Fomu tuliyoitaja tuliirudisha ikiwa na swali jipya mahali pa neno haiba: "Ni mambo gani humtia mfanyakazi huyu ari ya kazi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno "Hana" na msimamizi anayemfahamu mtu wake. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wale walio makazini, wanaombwa watuandikie.