Nguo Isiyouliza Kiuno

Huko Sericho, wadi ya wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, mwili wa mtu hupimwa kwa tepu mbili. Ya kwanza huning'inia shingoni mwa fundi cherehani, nayo huzungushwa kifuani, kiunoni na kwenye nyonga. Ya pili ni ukanda mwembamba wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59. Kipimo kikiwa milimita 125 au zaidi, rangi ni kijani. Kikishuka chini ya 115, rangi ni nyekundu, na mtoto huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Katikati ni manjano, rangi ambayo hakuna mzazi anayeifurahia.

Tepu hii ya pili haina majivuno. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huingiza vipimo vyake katika taarifa za kila mwezi, sambamba na bei ya mbuzi na umbali wa kwenda majini. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya, na ukame huo ulisomeka mikononi mwa watoto kama ulivyosomeka kwenye visima. Kwa mfugaji wa Waso, kama wenyeji wanavyouita mto Ewaso Nyiro na nchi inayouzunguka, mwili hupanda na kushuka pamoja na malisho. Tepu ya fundi wa kisasa imejengwa juu ya dhana tofauti: kwamba kila mtu ana saizi, kwamba saizi hiyo ni moja, na kwamba isipomtosha, kosa ni lake.

Mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi anayetoka eneo kama hilo hukutana na dhana hiyo mapema. Hupewa patani, yaani karatasi zilizokatwa kwa umbo la vipande vya nguo, na sanamu ya kushonea isiyo na kichwa wala mikono. Hufundishwa kushona nguo ya mfano kwa saizi moja, kisha kuipandisha na kuishusha ili kupata saizi nyingine. Mavazi ya nyumbani kwao hutajwa baadaye, kwenye somo la msukumo wa ubunifu, pamoja na machweo na magome ya miti. Mpangilio huo wa masomo unaonekana wa kawaida. Hoja ya makala haya ni kwamba umepinduliwa: saizi ni kawaida ya kiwanda, na nguo za Waso ni ufumbuzi wa tatizo ambalo kiwanda hakijalimaliza.

Saizi za nguo za wanawake hazikutokana na maumbile. Fundi anayemshonea mteja mmoja hahitaji saizi, anahitaji vipimo. Haja ya saizi ilizaliwa pale nguo zilipoanza kushonwa kwa maelfu kabla mnunuzi hajajulikana, na ikawa kubwa zaidi pale zilipoanza kuuzwa kwa posta, kwa kuwa kila gauni lisilomtosha mtu lilirudishwa kwa gharama ya muuzaji. Nchini Marekani, Wizara ya Kilimo ilifanya utafiti mkubwa mnamo 1939 na 1940. Karibu wanawake 15,000 walipimwa, kila mmoja katika sehemu 59 za mwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Mahesabu yalitumia vipimo vya wanawake weupe pekee. Kutokana na kazi hiyo kikatoka kiwango rasmi cha saizi mwaka 1958, kikafutwa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni imejiamulia namba zake, na nyingi zimegundua kwamba mteja hununua kwa moyo mkunjufu zaidi akiambiwa yeye ni namba ndogo. Hivyo namba imeshuka huku nguo ikipanuka, na hisabati imekubali kukaa kimya.

Hata pale namba inapotumiwa kwa uaminifu, njia yenyewe ina kasoro. Kupandisha saizi ni kuongeza kiasi kilekile, aghalabu kama sentimita 5, kwenye kifua, kiuno na nyonga kwa kila hatua, huku urefu ukiguswa kidogo tu. Miili haifuati ngazi hiyo. Mmoja hunenepa tumboni, mwingine mapajani, mwingine hurefuka bila kuongeza chochote upande. Nguo ya mfano hutosha vizuri. Kila hatua kutoka hapo huongeza kosa dogo, na mtu wa saizi ya mwisho huvaa jumla ya makosa yote. Ndiyo sababu mtu mnene huona nguo imebana mkono lakini imelegea begani, na mrefu mwembamba hupata shati linalomkaa mabegani lakini linaloishia kabla ya kifundo cha mkono.

Kenya inaifahamu kasoro hiyo kupitia mitumba. Robota linapofunguliwa Gikomba, wachuuzi hukimbilia kwanza zile wanazoziita kamera, yaani nguo bora za mchaguo wa kwanza. Zinazobaki husafiri kwenda masoko ya mbali, na kadiri barabara inavyorefuka ndivyo uchaguzi unavyopungua. Nguo inayofika mwisho wa safari ilipimwa kwa mwili wa bara jingine, ikavaliwa na mwili wa pili, na sasa inatafuta wa tatu. Fundi wa sokoni huipokea, huifumua ubavuni na kuikata upya. Kazi hiyo huitwa kurekebisha nguo. Kwa usahihi zaidi, ni kurekebisha takwimu za 1941.

Sasa tazama dera, ambalo Wasomali huliita dirac. Ni kitambaa cha mstatili kilichokunjwa katikati, hivyo urefu wake ni takriban mara mbili ya kimo cha mvaaji. Shingo hukatwa kwenye kunjo. Mbavu hushonwa kutoka chini hadi karibu na juu, na nafasi inayoachwa ndiyo tundu la mkono. Hakuna mkono wa kuunganisha wala mikunjo ya kushonewa ndani ili kitambaa kifuate kifua. Kitambaa kikiwa na upana wa sentimita 150, mzunguko wa nguo hukaribia mita 3. Mwenye nyonga za sentimita 90 na mwenye 130 huingia wote, na kila mmoja hubakiwa na zaidi ya mita moja na nusu. Umbo halikatwi kwa mkasi. Hupatikana wakati wa kuvaa: ncha huchomekwa ndani ya gorgorad, yaani sketi ya ndani, upande mmoja huinuliwa, na garbasaar, yaani shali, hutupwa begani.

Guntino hukwenda mbali zaidi kwa kuacha kushonwa kabisa. Ni kitambaa kirefu kinachofungwa fundo begani na kuzungushwa kiunoni. Kikoi cha wanaume hukunjwa kwa mbele na kukazwa upya mara kadhaa kwa siku. Kanga ya pwani huuzwa doti kwa doti, kwa kipimo kilekile kwa bibi harusi na kwa bibi yake. Nguo zote hizi zimehamisha uamuzi wa saizi kutoka kwa mshonaji hadi kwa mvaaji, na kutoka siku ya kununua hadi kila asubuhi. Kwa mwanamke atakayebeba mimba, kunyonyesha, kukonda wakati wa kiangazi na kunawiri baada ya mvua, hilo si suala la mtindo. Nguo moja humtumikia katika miili minne.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha jibu la swali linaloonekana la mzaha: kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi jangwani? Watafiti waligundua kwamba joho jeusi hufyonza joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto hilo la ziada hupotea kabla halijafika kwenye ngozi, kwa sababu hewa hupita kati ya nguo na mwili. Kinachofanya kazi ni ule ulegevu, wala si rangi. Mwenye kulionea huruma buibui jeusi kwenye jua la Isiolo anaweza kuanza kwa kuihurumia suruali yake ya jinzi.

Haifai hata hivyo kuligeuza dera kuwa malaika. Hutumia kitambaa kingi, hukamatwa na miiba, na karibu na jiko la kuni ni hatari. Usemi kwamba ni saizi moja kwa wote ni kweli kwa upana tu. Kwa urefu, mwanamke mrefu huonyesha vifundo vya miguu na mfupi hufagia ua. Tena kuna ushindani ndani yake: dera la harusini, la kitambaa chepesi kinachoonyesha sketi ya ndani, hutangaza bei yake kutoka mlangoni. Uhuru wa saizi haujawahi kumaanisha uhuru kutoka kwa macho ya majirani.

Lugha pia inashuhudia kwamba mwili umekuwa ukipimwa kwa macho muda mrefu kabla ya tepu. Kiswahili humsifu mtu kwa kumwambia amenawiri, na mara nyingi maana yake ni kwamba ameongeza kilo. Aliyepungua huulizwa kama alikuwa mgonjwa. Salamu hizo zina mantiki kwa watu wanaojua njaa: unene ulikuwa akiba, na akiba ni heshima. Mwanafunzi anayezitoka salamu hizo na kuingia studio ambamo wembamba ndio sifa hajatoka kwenye ujinga na kuingia kwenye maarifa. Amehama tu kutoka kipimo kimoja cha hadhi kwenda kingine, na cha pili kina matangazo mengi zaidi.

Linabaki suala la msukumo, neno ambalo wabunifu hulitumia pale wengine wangesema wamechukua. Kaskazini mwa Kenya kuna mfano wake wa kale. Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard aliutangazia ulimwengu wa mitindo wa New York kwamba amemwokota mchunga mifugo porini katika nchi iliyoitwa wakati wa ukoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Isiolo ilikuwa sehemu yake. Mwanamke huyo alikuwa Iman, mzaliwa wa Mogadishu, binti wa mwanadiplomasia, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezungumza lugha kadhaa. Beard alikutana naye mjini, na malipo ambayo Iman aliomba ili apigwe picha yalikuwa karo yake. Mbuga ilihitajika ili uzuri uwe ugunduzi. Mwanafunzi mwenye bili ya ada hakugunduliwa. Alikubali kazi kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

Mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997, alikutana na hali hiyo kwa sura nyingine. Aliingia jukwaani mwaka 2017 akiwa na hijabu kama sharti la kazi. Mwishoni mwa 2020 aliacha, akieleza kwamba kadiri kazi ilivyoendelea, ushungi wake uligeuzwa kitu cha wapambaji kujaribia, na siku moja alifungwa jinzi kichwani. Hijabu ilikubaliwa kama wazo, ikakataliwa kama vazi. Mfano wa tatu unahusu neno. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake ya biashara. Pingamizi lilitoka Kenya na kwa watetezi wa biashara ya haki, na ombi halikufaulu. Kama lingefaulu, nguo ingebaki kwa wenyewe lakini jina lingehitaji ruhusa.

Sericho yenyewe ina kisa chake, ingawa hakihusu kitambaa. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao kusini mwa hapo walikuta mawe makubwa mazito. Yalikuwa kimondo cha aina ya palasaiti, chuma chenye nikeli kilichojaa fuwele za kijani za olivini, na uzito wa vipande vilivyopatikana ulipita tani mbili. Leo vipande vyake vilivyokatwa vyembamba huuzwa ng'ambo kama vidani, vikiitwa kwa jina la mahali vilipotoka. Kwa hiyo jina la Sericho limefika kwenye soko la mapambo duniani, shingoni mwa watu wengi ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Wanasayansi walau wana desturi ambayo wabunifu wa mavazi hawana: kimondo lazima kitajwe kwa mahali kilipopatikana, na kipewe maelezo ya muundo wake.

Desturi hiyo inafaa kuazimwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba kazi yake imetokana na utamaduni wa wafugaji hajaeleza lolote. Ametoa shukrani kwa upeo wa macho. Anayepima dera la mama yake, akachora linavyokunjwa, akaonyesha jinsi sketi ya ndani inavyobeba uzito, kisha akabuni nguo ya kazini yenye mzunguko unaorekebishika bila kufumuliwa, amefanya ubunifu. Nguo hiyo itamfaa muuguzi mjamzito wa Isiolo, na itamfaa vilevile mwanamke wa London ambaye mwili wake haukualikwa kwenye jedwali lolote.

Basi kwenye daftari lake, kabla ya kuchagua rangi, aandike mambo manne: jina la nguo, jina la mahali, upana wa kitambaa na sehemu mshono unapoanzia. Hayo yakikosekana, kilichobaki si msukumo. Ni picha tu.