Jamaa wa Mraibu wa Unga na Fatwa ya Afyuni

Ndugu Waislamu, tuseme kijana ameondoka Dutwa kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na baada ya miaka michache amerudishwa nyumbani akiwa teja. Baba amemwapisha kwamba hatagusa tena unga. Siku ya pili arosto imempanda: anatapika, anaharisha, mifupa inauma, usingizi hakuna. Siku ya nne pesa za pamba hazionekani, wala yeye haonekani. Hapo familia husema amemdharau Allah, na akirudi hafunguliwi mlango.

Kuwa unga ni haramu hakuna khitilafu. Lakini namna ya kumtoa aliyekwisha zama ni suala jingine, na wanazuoni walilijua zamani. Imam Ibn Hajar al-Haytami, wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria (1567), aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni hadi akiiacha ataangamia. Alijibu kuwa hilo likithibiti, kula kiasi cha kumbakisha hai kunamhalalikia, bali kunamuwajibikia, mfano wa mzoga kwa mwenye dharura. Ila ni lazima apunguze kidogo kidogo mpaka mwili uzoee kuikosa; asipofanya hivyo ni mwenye dhambi. Ibn Abidin, Mhanafi wa Sham, aliinukuu fatwa hiyo katika Radd al-Muhtar. Na unga wa leo asili yake ni afyuni hiyo hiyo.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, iko karibu na njia hiyo. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu, na arosto hutulia. Wengine huinywa kwa miaka, ndipo watu huuliza: si ulevi kwa ulevi? Sioni hivyo. Ni kweli arosto yenyewe kwa kawaida haimuui mtu mzima mwenye afya. Kinachoua zaidi ni kurudia: mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, na pumzi hukatika. Kwa hiyo lini apunguze, na kwa kiasi gani, aulizwe tabibu mwaminifu, si majirani.

Na jamaa je? Pesa asipewe mkononi. Aya ya 5 ya Suratun-Nisaa inakataza kumkabidhi mali safihi, lakini aya hiyo hiyo inaamrisha alishwe, avishwe na asemezwe maneno mema. Wengi wetu tumeshika nusu ya kwanza tu.

Kwa watu wa Dutwa kliniki si ya jirani. Ipo Mwanza, Hospitali ya Sekou Toure, na dawa ni ya kila siku. Kwa hiyo familia ikae ipange nani atampa pa kulala huko, nani atamsindikiza wiki za mwanzo, nauli itatoka wapi. Imamu akijiwa kuombwa dua, aombe, kisha aulize safari ni lini.

Wallahu aalam.