Damu ya Kuongezewa: Gramu Ngapi Zatosha?

Katika elimuviumbe mwanafunzi hufundishwa kwamba chembe nyekundu za damu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini, na kwamba kazi hiyo hufanywa na himoglobini iliyomo ndani yake. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 12 hadi 17 hivi za himoglobini katika kila desilita ya damu. Zikipungua, aweza kuongezewa chembe za mtu mwingine. Lakini zipungue hadi wapi? Swali hili laonekana kuwa la hesabu tu, sivyo lilivyo.

Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Adams na Lundy, walishauri kwamba mgonjwa aongezewe damu kabla ya kupasuliwa iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 8 hadi 10. Ushauri ukageuka kanuni. Ile 8 ikasahauliwa, ikabaki 10. Ndipo mwaka 1999 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kanada kwa watu 838 waliokuwa mahututi. Waliosubiriwa hadi himoglobini ikashuka chini ya gramu 7 hawakufa kwa wingi kuliko waliodumishwa kwenye 10 na zaidi, nao walitumia damu kidogo. Kanuni ya zamani ikalegea, na ni vyema, kwa kuwa damu haina kiwanda ila mwili wa mtu.

Hata hivyo, utafiti ule ulihesabu hasa vifo. Wako wagonjwa ambao swali lao kubwa ni jinsi watakavyoishi siku hadi siku. Tuchukue mielodisplasia, ugonjwa unaowapata zaidi wazee. Uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, hutoa chembe zenye kasoro, na nyingi hufa kabla ya kukomaa. Wengi wa wagonjwa hawa huongezewa damu kila baada ya majuma machache, pengine kwa miaka. Hawalazwi, wako nyumbani kwao, wana ngazi za kupanda na wajukuu wa kushika mkono.

Upungufu ukija polepole, moyo husukuma damu nyingi zaidi, na chembe zilizobaki huachia oksijeni kwa wepesi. Ndiyo maana kijana mwenye gramu 7 aweza kwenda sokoni, ilhali mzee mwenye moyo dhaifu huhema akifua shati, naye ana 8 au 9.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 38 wa maradhi haya katika Uingereza, Australia na New Zealand. Kundi moja lilikusudiwa kudumishwa kati ya gramu 8.5 na 10, jingine kati ya 11 na 12.5. Wagonjwa waliulizwa wenyewe kuhusu hali ya maisha yao, na majibu ya kundi la pili yalikuwa afadhali. Watu 38 ni wachache mno kuthibitisha jambo, lakini safari hii aliyeulizwa ni mwenye kuchoka.

Gharama nayo ipo. Kila mfuko huleta miligramu 200 au zaidi za chuma, na mwili hupoteza 1 au 2 tu kwa siku. Bila dawa maalumu, chuma hurundikana katika ini na moyo. Tena kila mfuko ni siku nzima ya kutolewa sampuli, kulinganishiwa damu na kungoja. Wapo ambao wangestahimili uchovu kuliko benchi la hospitali, na wapo ambao wangekaa bencini kutwa ili Jumapili waweze kutembea hadi kwa jirani.